Uani Hakulali Mtu

Msanifu hakuwa akitembea kama watu wengine. Alihama kutoka kivuli hadi kivuli. Ukitoka naye kwenda dukani, hapo tu jirani, ungejikuta umevuka barabara na kurudi, umepita nyuma ya msikiti, umeambaa na ukuta wa benki huku umebana mabega, kisha umesimama naye chini ya kibao cha duka la simu akipanga njia ya kumalizia safari. "Jengo lile latoa kivuli bure," angesema, "na hakuna anayekitumia." Alisema kwa uchungu, kama anayeona chakula kikimwagwa.

Nilikuwa mpangaji wake. Nilikuja Doha kushughulikia kompyuta za kliniki moja, nikapata chumba katika nyumba yake ya ghorofani, nikakaa humo miaka minne. Yeye alikuwa msanifu majengo katika ofisi kubwa ya michoro, mtu wa Mombasa mwenye mashati ya kitani yaliyonyooshwa kwa pasi mpaka yakasimama yenyewe. Alikuwa ameishi Ghuba muda mrefu hata Kiswahili chake kikawa kama mkate wa jana, mkavu pembeni na laini katikati. Walinzi wa jengo letu walimwita Mzee. Ofisini walimwita Muhandis, jambo lililomuudhi, maana kwake mhandisi na msanifu walikuwa watu wawili wasioweza kula sahani moja. Mimi nilimwita Msanifu, na jina hilo ndilo linalonijia hadi leo nikimkumbuka.

Ungedhani mtu kama huyo anaishi katika nyumba ya mawe yenye kuta nene. Hapana. Tuliishi juu kabisa katika mnara wa kioo uliotazama magharibi, na kuanzia alasiri jua liliingia sebuleni kama mtu aliyepewa ufunguo. Msanifu aliteremsha mapazia, akawasha kiyoyozi mpaka kikapumua ukungu, akajifunika blanketi zito juu ya kikoi chake, akaanza kuchora nyua, mabaraza na kuta za kupitisha upepo. Siku ya kwanza nilipomkuta hivyo nilicheka.

"Wacheka nini?"

"Msanifu, unachora upepo ukiwa ndani ya friji."

"Nalala tumboni mwa adui, yakhe. Ndiyo sababu namjua." Akavuta blanketi hadi kidevuni. "Tena mimi siliwezi joto. Sijawahi kuliweza. Wafikiri mtu anayependa jua angehangaika umri wake wote kutafuta kivuli?"

Hakuwa mpole. Aligombana na majengo kwa sauti, hadharani. Jioni za majira ya baridi tulikwenda The Pearl kutembea kando ya maji, na huko alisimama mbele ya jumba refu la kioo, mikono nyuma, akaliuliza kama ofisa wa uhamiaji: "Wewe umeingia hapa na viza ya nini?" Watu waligeuka. Hakujali. "Litazame," aliniambia. "Limeshuka kwenye ndege na koti lake la theluji, na hakuna aliyelipokea akaliambia limefika wapi." Kioo alikiita uvivu unaong'aa. Lakini akikuta ukuta mzuri, hata wa kibanda, aliugusa kwa mgongo wa mkono kama mama anayepima homa ya mtoto, na uso wake ukalegea.

Alikuwa na swali moja alilouliza kila mchoro, wake na wa wenzake: saa tisa mchana, mtu atakaa wapi? Vijana wa ofisini walimwonyesha picha za kompyuta zenye machweo ya dhahabu na wanawake wembamba wakivuka viwanja vitupu. Alikuwa akiweka kidole katikati ya uwanja. "Huyu bibi amekwisha kufa," alikuwa akisema. "Amekufa hatua chache zilizopita, ila hamkumwambia."

Ijumaa asubuhi, siku ya mapumziko huko, mimi na binamu yangu Wekesa tulikwenda kanisani Mesaimeer. Msanifu, ambaye sala yake ilikuwa ya mchana, alitupeleka kwa gari lake. Siku moja ya Juni tulikuta foleni ndefu ya kuingia langoni imesimama juani, kina mama na watoto, wauguzi, madereva, watu wamefunika vichwa kwa vitabu vya nyimbo, ilhali hatua chache kando ukuta ulikuwa umelaza kivuli kirefu kitupu. Msanifu alishuka.

"Sogeeni huku," akawaambia. "Sogeeni, mama, na mtoto huyo."

"Mzee, foleni iko hapa," mlinzi wa lango alisema.

"Foleni ni watu, si mstari wa rangi. Wakisimama kule bado ni foleni."

Foleni yote ikajikunja kama nyoka, ikaingia kivulini, na bibi mmoja wa Kiganda akambariki kwa Kiluganda. Msanifu akarudi akitembea kama aliyezindua daraja. Ndipo Wekesa akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, "Mzee, na gari lako je?" Kwa maana gari lilikuwa limeegeshwa chini ya mti pekee wa pale, mahali ambapo familia nzima ingeweza kusimama. "Hilo ni gari jeusi," Msanifu akajibu. "Lateseka zaidi."

Nimesema aligombana na majengo. Na maneno pia, ila yale yalimpa furaha kwanza. Kule Al Wakrah, kwenye nyumba za zamani zilizokarabatiwa, alimwonyesha mzee mmoja wa Kiqatari kitundu chenye mbao ukutani, akamuuliza kwa Kiarabu kinaitwaje. Mzee akasema, "Dirisha." Msanifu alicheka mpaka akatoa machozi. Njia nzima ya kurudi alilirudia. "Wasikia, yakhe? Dirisha! Watu walioita kitu hiki jina moja waliogopa jua moja." Alikusanya maneno kama hayo, akayapanga mdomoni, na kila alipopata jipya alitembea kifua mbele, kama mtu aliyegundua kwamba yeye si mgeni kwa kiasi alichodhaniwa.

Sikujua kwamba neno moja la namna hiyo lilikuwa limemjeruhi, mpaka Ijumaa nyingine, huko huko Al Wakrah, gari kubwa jeupe liliposimama karibu nasi. Alishuka Mqatari wa makamo, kanzu yake nyeupe pe, akamkumbatia Msanifu huku akicheka. "Abu Kos! Bado uko?" Abu Kos maana yake baba wa kosi, na kosi ni upepo. Msanifu alicheka kwa mdomo tu, macho hayakushiriki. Tuliondoka, tukapita mzunguko wa barabara.

"Nilimjengea baba yake nyumba," alianza. "Nilikuwa mgeni hapa. Baba yake alinipeleka kiwanjani, akanyoosha mkono upande wa bahari, akaniambia: kosi huja kutoka kule. Mimi nikasikia kusi. Kusi yetu, yakhe. Ile ya baada ya masika, wafungua nyumba nzima na usingizi waja wenyewe. Nikamshukuru. Nikaupa upande ule madirisha makubwa kuliko yote niliyowahi kuchora."

"Kumbe?"

"Kumbe alikuwa akinionya. Neno ni lile lile. Pembe ya dunia ni ile ile. Lakini ya kwetu yapita juu ya bahari pana yenye ubaridi, na hii yao yapita juu ya maji yaliyochemka. Yaja imelowa. Agosti kuta za chumba cha wageni zilitoka jasho, mazulia yakanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Mzee wa watu hakunilaumu hata kwa neno. Alifunga mlango wa chumba kile, akawa apokea wageni wake kwenye banda la gari."

"Kwani hukuwa na takwimu za upepo?"

"Nilikuwa nazo. Karatasi zote nilikuwa nazo." Akabadilisha gia. "Lakini nilikuwa na neno la mama yangu, nikaona karatasi zasema kigeni."

Hapo nikakumbuka kwamba kisa hicho nilishakisikia kwake, mezani, mbele ya wageni. Ila mezani kilikuwa cha msanifu mmoja Mzungu.

Tangu nyumba ile hakuliamini sikio lake. Ukimwambia leo kuna joto, aliuliza: la kukausha au la kulowesha? Ukimwambia chumba kimepoa, aliuliza kimepoa saa ngapi, na wewe ulikuwa umevaa nini. Watu walimwona msumbufu. Mimi nilimwona kama mtu aliyewahi kuumwa na nyoka kwenye kitanda chake mwenyewe.

Sasa niseme habari za Wekesa, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na la kuandika. Wekesa alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku kwenye lango la mnara wetu. Mchana, wakati sisi tuko kazini, ndio ulikuwa usiku wake, na alilala katika chumba cha watu wanane nje ya mji, kitanda cha juu, ukutani kabisa. Ukuta ule ulikuwa mwembamba na ulitazama magharibi. Kufikia alasiri haukugusika. Kiyoyozi cha dirishani kilikuwa kikifa na kufufuka kinavyotaka.

"Ni kama kulala kwa sufuria, Mzee," alimwambia Msanifu langoni. "Na mtu ameshaweka kifuniko."

"Walala kweli?"

"Nalala nikianguka."

Hilo halikuwa la utani. Msimamizi alishamkuta amesinzia langoni, amesimama, kofia imemshuka puani. Alimwonya: akikutwa tena, ni uwanja wa ndege. Nyumbani Wekesa alikuwa na mtoto aliyekuwa akimjua kwa simu tu, na safari yote ile ya kuja Ghuba ilikuwa kwa ajili ya mtoto huyo. Kwa hiyo usingizi wa mchana, kwake, ulikuwa ndio kazi yenyewe. Akiupata, anabaki. Akiukosa, anarudi mikono mitupu.

Ofisi ya Msanifu ilipopata kazi ya kuchora bweni la walinzi kusini mwa mji, na ikajulikana kwamba kampuni ya akina Wekesa ndiyo itakayohamia, Msanifu aliiomba mwenyewe. Wenzake walishangaa, wakubwa huomba minara na majumba ya makumbusho. Yeye akajifungia na bweni. Meza yetu ya kulia ikajaa karatasi, tukawa tunakula juu ya magoti. Upande wa kosi aliweka ukuta mnene usio na tundu lolote, kama mtu aliyempa adui mgongo. Upande wa kaskazini-magharibi, unakotoka upepo mkavu wanaouita shamali, aliweka matundu membamba juu ya kila kitanda. Na katikati akachimba ua, mrefu, mwembamba, wenye kina kama kisima, ili hewa ya usiku ishuke humo na kukaa, na upepo ulioingia kwa matundu upate pa kutokea.

"Sisemi waishi bila mashine," alinieleza, penseli sikioni. "Julai hapa hakuna jengo liwezalo bila mashine, na anayekwambia lipo anakuuzia kitu. Nasema mashine ifanye nusu ya kazi. Na ikiharibika, mtu asiamke ameiva."

Akashuka langoni kumhoji Wekesa kama daktari: alala ubavu gani, miguu aielekeza wapi, mwanga wamwamsha au la. Wekesa alijibu kwa makini, kisha akaenda kujigamba kwa wenzake. Nilimsikia kwenye simu: "Wasee, nyumba yetu inachorwa na mtu wetu. Tutalala kama watoto wachanga, nawaambia."

Simu ya meneja wa mradi ilikuja tukiwa tunakunywa chai. Msanifu aliiweka mezani na kuifungulia sauti, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na mahamri. Meneja alikuwa mchangamfu. Alisifu ukuta, akasifu matundu, akasema picha za nje zimependeza sana. Kisha akasema:

"Lakini huu ua, Muhandis. Uani hakulali mtu. Ufunike, nipe vyumba humo."

"Uani yalala hewa," Msanifu alisema.

Meneja akacheka, si kwa dharau. "Mwenye mradi hapangishi hewa."

Walivutana kwa siku kadhaa. Mwishowe akapewa la kuchagua: ua utoke na matundu yabaki, au michoro yote ipelekwe kwa mtu mwingine. Ili jengo lijengwe ilihitajika sahihi yake na muhuri wake. Umri wake ulikuwa umekwenda, na ruhusa yake ya kuishi Qatar ilikuwa imefungwa kwenye ajira ile. Aliyeacha kazi alipanda ndege.

Nilimwambia asitie sahihi. Nilimwambia maneno mengi, nikiwa na hasira ya mtu ambaye muhuri si wake. Nilimwambia kwamba Wekesa anamtegemea.

"Nikikataa," alisema, "kabla chai haijapoa apatikana mwingine wa kusaini, na huyo hataacha hata tundu moja. Ukuta mnene wabaki. Matundu yabaki. Hilo si bure."

"Bila ua yanafaa nini?"

Alinyanyuka, akapunguza kiyoyozi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akakaa kwenye joto na shati lake la kitani mpaka likamganda mgongoni. Kulipokucha, sahihi ilikuwa kwenye michoro, na muhuri juu yake, umenyooka.

Miezi michache baadaye nilihama, nikapata chumba karibu na kliniki. Niliwaambia watu ni kwa sababu ya usafiri. Msanifu alinisaidia kubeba masanduku hadi chini na hakuuliza lolote, ila aliniambia kitanda nikiweke mbali na ukuta wa magharibi.

Nilimwona tena Agosti ya mwaka uliofuata. Bweni lilikuwa limekwisha, akina Wekesa wamehamia. Ijumaa baada ya kanisa nilimpelekea Wekesa chakula, na nje ya lango la bweni nikamkuta Msanifu amesimama kwenye kipande cha kivuli kisichozidi upana wa mlango. Alikuwa amekonda. Mkataba wake haukuongezwa. Wiki iliyofuata alikuwa anaondoka.

"Nimekuja kulitazama," alisema.

"Mbona huingii?"

"Sijaalikwa." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Waingia wewe? Basi waambie mimi ni mjomba wako."

Tuliingia. Pale ambapo kwenye karatasi palikuwa ua, sasa palikuwa ushoroba uliowashwa taa mchana, milango huku na huku, na mashine za viyoyozi zimening'inia juu zikipuliziana joto usoni. Joto lile halikuwa na pa kwenda. Tulilipita kama watu wanaovuka maji ya kiunoni. Msanifu hakugusa ukuta hata mmoja.

Wekesa alikuwa peke yake chumbani, wenzake wako kazini. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha chini, macho mekundu. Alipomwona nani yuko nyuma yangu aliruka akasimama mbele ya ukuta wa matundu, mikono imetanuka, kama anayeficha kitu kilichovunjika. Lakini ukuta ni mrefu kuliko mtu. Matundu yote yalikuwa yamezibwa kwa maboksi ya maji ya chupa, yamebandikwa kwa tepu ya kahawia.

"Mzee, pole," alisema. "Si kwa ubaya. Upepo ukivuma tunakula mchanga. Unaingia tu, hautoki."

"Hautoki," Msanifu alikubali.

"Lakini ukuta ni poa, Mzee. Ule mnene. Wasee wanausifu."

Msanifu alimtazama. "Walala?"

Wekesa alitaka kusema uongo wa heshima. Niliuona ukimjia mdomoni na kurudi. "Kidogo," alisema. "Wiki jana msimamizi alinipata nimefunga macho. Nikamwambia nilikuwa naomba. Akaniachilia, lakini amesema hajui mimi huomba mara ngapi."

Hakuna aliyecheka. Upepo wa nje ulipuliza, na boksi moja likainuka pembeni, likamwaga vumbi laini juu ya mto.

"Hili umelibandika vibaya," Msanifu alisema. "Vumbi lapita hapa chini. Leta hiyo tepu."

"Msanifu, si lazima," nikasema.

"Huyu ana zamu leo?"

"Anayo."

"Basi shika kiti."

Alipanda. Nilishika kiti kwa mikono miwili. Alibandua maboksi moja baada ya jingine, akayakunja kingo, akayarudisha, akapitisha kidole gumba juu ya tepu pande zote nne, taratibu, kama alivyokuwa akipiga mstari. Kila boksi lilipokaa chumba kilizidi kuwa giza. Wekesa alikaa kitandani akituhadithia habari za mtoto wake, amekwisha kuota magego, na anaita kila mwanamume kwenye simu baba. Sentensi zake zikaanza kupungua.

"Tulipovutana ningewapa matundu nikang'ang'ania ua," Msanifu alisema bila kugeuka, sauti ya chini. "Hewa ingekaa humo. Mtu angelala. Lakini matundu yalikuwa yapendeza kwenye picha, yakhe. Niliyapenda. Nikaokoa nilichokipenda."

Nilikaza kiti.

Tundu la mwisho aliliziba polepole kuliko yote. Kabla ya kukata tepu aliweka kiganja wazi juu ya boksi, akakiacha pale, na niliona karatasi ikisukuma kiganja chake na kulegea, ikasukuma na kulegea.

"Shamali safi kabisa," alisema. "Kavu." Kisha akakata tepu kwa meno.

Nilipogeuka, Wekesa alikuwa amelala, ubavu, viatu miguuni, mkono mmoja umening'inia. Kiyoyozi kilikuwa kinaunguruma, na kwa mara ya kwanza hakuna vumbi lililokuwa linacheza hewani. Msanifu alishuka, akakiinua kiti na kukirudisha mahali pake mguu baada ya mguu, kisikwaruze sakafu. Akaokota chakula nilicholeta, akakisogeza mbali na mkono wa Wekesa asije akakimwaga. Tulitoka kwa ncha za vidole.

"Mlango huu hugonga," alininong'oneza tulipofika kizingitini. "Niliuchagua mimi. Ushike mpaka mwisho."

Nikaushika mpaka mwisho.